Niliwauzia Marafiki Bima Yangu

Kama daktari amekuambia umebakisha miezi, na ndani ya sanduku lako kuna karatasi za bima ya maisha, naomba unisikilize kabla hujaziuza. Sikukatazi. Mimi niliiuza yangu, na pesa niliyopata ndiyo sababu naandika haya leo nikiwa na nywele kichwani. Ninachotaka kukuambia ni nani usimuuzie. Mimi hakuna aliyeniambia, na hata angeniambia nisingemsikia, maana mama yangu husema nilizaliwa nikibishana na mkunga.

Jina langu ni Nekesa, wa Bungoma. Ninafanya kazi ya ofisi Lusail, huku Uarabuni, katika kampuni ya kusimamia majengo, na naishi Umm Salal katika nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba vingi kuliko alivyokusudia aliyeijenga. Chumba changu nakaa na Chepkoech, msichana wa Kericho anayefanya kazi dukani. Sote humwita Chep. Binti yangu Nafula yuko nyumbani na mama, na wakati ninaousimulia alikuwa kidato cha nne.

Ilianza na uvimbe chini ya taya, mdogo kama harage, mwezi wa sita, wakati ambapo ukifungua mlango wa nje unajutia kuufungua. Nilidhani ni baridi ya kiyoyozi cha ofisini. Nikapewa vidonge, nikameza, harage likawa ndimu. Walipokata kipande na kukipima wakasema ni saratani ya tezi. Nilitundikiwa dawa mara sita, kila baada ya wiki tatu, kuanzia joto mpaka msimu wa kuvaa sweta. Nywele zilitoka kwenye mto, kucha zikawa nyeusi, na kila nilichokula kilikuwa na ladha ya sarafu. Lakini harage liliyeyuka. Nikasema asante Mungu, nikarudi kazini na wigi ambayo Chep alisema inanifanya nifanane na mtangazaji wa habari za zamani.

Mwezi wa tatu, pepo za vumbi zilipoanza, ugonjwa ulirudi. Safari hii ulikuwa kwenye ini.

Daktari wangu ni mwanamke mpole anayevaa viatu vya raba. Siku zote alikuwa akikaa upande wake wa meza. Siku hiyo alivuta kiti akaja upande wangu. Ndugu yangu, daktari akivuta kiti, jishike.

"Sasa tunazungumzia miezi," aliniambia kwa Kiingereza cha polepole. "Pengine sita. Kuna dawa mpya. Siahidi uponyaji. Inaweza kukuongezea muda, lakini bima ya mwajiri wako haiilipii."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kisha nikamuuliza ada ya maegesho inalipiwa wapi. Sina gari. Sijawahi kuwa na gari maishani mwangu. Daktari aliniangalia, akaniambia ni kule chini karibu na lango, nikamshukuru, nikashuka, nikasimama mbele ya ile mashine ya kulipia huku watu nyuma yangu wakingoja. Askari wa mlangoni, Mganda mmoja mrefu ambaye kila wiki alikuwa akinitafutia kiti mbali na kiyoyozi, alikuja akanishika kiwiko. "Mama, leo uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Alinipeleka mwenyewe mpaka kituo cha basi.

Sasa nikufahamishe kuhusu hiyo bima. Niliikata nikiwa Nairobi, Nafula akianza chekechea. Nikifa, Nafula alipwe, asome mpaka chuo kikuu. Sikuwahi kukosa mwezi. Nilipopiga simu kwa wakala wangu nikiuliza nikiikatisha nitarudishiwa ngapi, kiasi alichonitajia kingetosha kununua labda chupa moja ya ile dawa. Nikifa, ilikuwa ya maana. Nikiwa hai, haikuwa kitu.

Kuna mzee wa kigeni ofisini kwetu aliyewahi kusimulia kwamba nduguye, huko kwao, aliuza bima yake alipoambiwa hana muda. Anapatikana mtu anakupa sehemu ya pesa sasa, yeye anaendelea kulipia kila mwezi, na siku ukifa yeye ndiye analipwa zote. Aliposimulia nilishtuka mpaka nikaacha chakula changu. Nilimwona huyo mnunuzi kama mtu anayenunua ng'ombe na kumwacha zizini anenepe. Lakini baada ya kile kiti kuvutwa niliyakumbuka yale maneno nikiwa kwenye metro, na kabla sijafika kituo changu nilikuwa nimeacha kushtuka na kuanza kujiuliza mimi nani angeninunua.

Tulikuwa na chama. Wanawake kumi na wawili, Wakenya, Chep akiwemo, tuliokutana kila Ijumaa baada ya ibada, maana hapa Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Tulikuwa tumeweka akiba miaka mitatu tununue ploti huko Joska, nje ya Nairobi. Mwenyekiti alikuwa Mama Shiru, msimamizi wa usafi hotelini, mama wa sauti nzito na moyo mwepesi. Wazo lilikuwa langu, nataka ulijue hilo. Hakuna aliyenishawishi. Nilisimama mbele ya vikombe vya chai ya karak na mandazi, nikaieleza ile biashara kama mtu anayeuza friji.

Mama Shiru akawa wa kwanza kunijibu.

"Nekesa, wewe ni dadangu. Mimi siwezi nunua kifo chako."

"Hununui kifo, unanunua karatasi. Kufa nitakufa mwenyewe."

"Ai, usiseme hivyo."

"Niseme aje? Nyinyi mtanichangia, najua. Mtachanga mara moja, mara ya pili mtachoka. Hii si mchango. Hii mtarudishiwa na faida, mnunue ploti mbili."

Walilia, walikataa, wakauliza maswali, na maswali yakaanza kuwa mazuri. Inachukua muda gani kulipwa? Kampuni haitaleta shida? Nikajua wameanza kukubali. Nduku peke yake ndiye hakuuliza kitu. Nduku ni yaya wa watoto wa tajiri mmoja kule The Pearl. Ndiye niliyelala naye kitanda cha juu na chini mwaka wangu wa kwanza hapa, tukigawana mkate na sabuni. Alifunga zipu ya mkoba wake.

"Mimi hapana."

"Hapana aje?" nikamuuliza.

"Hapana. Akiba yangu msiiguse."

"Nduku, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimesema hapana." Akatoka kukimbilia basi lake.

Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya watu. Wenzake kumi wanajitolea kuniokoa, na yeye, niliyemkanda mgongo alipoumia, anakumbatia akiba yake! Niliifuta namba yake siku hiyohiyo. Watu walipomtaja nilisema simjui.

Wale kumi walinunua. Fomu zilikuja kutoka Nairobi, bima ikahamishiwa jina la Mama Shiru kwa niaba ya chama, na jina la Nafula likaondolewa. Nilimpigia simu mwanangu baada ya kuweka sahihi, na hilo ni kosa la kwanza ninalotaka ulikwepe. Mwambie mtoto kabla.

"Kwa hivyo mami, ukikufa wao ndio watalipwa?"

"Ndiyo. Lakini wamenipa ya dawa sasa. Na ingine nimekuwekea kando, si nyingi."

Nilimsikia bibi yake nyuma akifukuza kuku.

"Na usipokufa?"

Nilicheka. Kweli, nilicheka. Katika mikutano yote ile, maswali yote yale mazuri, hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hilo, hata mimi mwenyewe.

Dawa mpya ilianza mwishoni mwa mwezi wa sita. Miadi ilikuwa kila baada ya wiki tatu, asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya bluu na televisheni isiyo na sauti. Nilijifunza kuja na soksi. Nilijifunza kutokaa karibu na watu wanaopenda kusimulia dalili zao. Dozi ya kwanza ilinitetemesha mpaka meno yakagongana. Ya pili ilinivimbisha miguu nikawa navaa viatu vya Chep, ambaye ana nyayo za mwanariadha. Chep alikuwa akiamka mapema kunipikia uji wa wimbi aliotumiwa na mamake, anashika beseni nikitapika, anapima joto langu na kuliandika. Nilimwambia Mungu akitaka kunilipa alipe kwanza huyu mtoto.

Dozi ya tatu ilikuwa katikati ya mwezi wa nane, ule unyevunyevu unaoziba miwani ukitoka nje. Nilikuwa nimelala kwenye kiti, sindano mkononi, simu ikatetemeka. Nimeongezwa kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Mradi N. Katibu wetu Mercy alikuwa na tabia moja. Akifungua kundi lolote, la harusi, la maombi, la kununua sahani, anabofya majina yetu yote kwa mazoea, kama anavyoita majina mkutanoni. Alikuwa ameyabofya yote.

"Haya ladies tumehama hapa, ile group ingine ibaki ya maombi," aliandika Mercy.

"Poa. Chep, leo aje?"

Chep akajibu: "Amekunywa uji nusu kikombe. Miguu imefura sana. Jana ametapika mara mbili."

"Woiye. Na daktari anasema?"

"Hajaniambia. Lakini nguo zote zinamning'inia."

"Mwenye ploti anataka jibu. Kuna mtu mwingine anaitaka."

Kisha Mama Shiru, aliyenibeba mgongoni kunipandisha ngazi wiki moja kabla: "Mwambieni Novemba."

Nilihesabu kwa vidole vya mkono usio na sindano. Septemba, Oktoba, Novemba. Sijui nikueleze vipi. Daktari kukuambia utakufa ni jambo moja. Kuona watu wako wamekupangia mwezi, na kuupanga kwa utaratibu, bila chuki, katikati ya woiye na nusu kikombe cha uji, ni jambo ambalo mwili wangu ulikataa kulipokea. Nesi alikuja akauliza kama dawa inaniunguza, maana machozi yalikuwa yakinitoka bila sauti.

Kisha: "NANI AMEADD NEKESA???"

"Mercy!!!"

Na hapo nikaondolewa.

Chep aliporudi kutoka kazini alinikuta kitandani. Aliwasha jiko, akapika uji, mwiko ukigonga sufuria. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hakuniuliza, aliuweka tu mezani, akasimama hapo akitazama miguu yake. Nilitaka kuumwaga wote kwenye beseni lake. Lakini ulikuwa na limau, kama ninavyoupenda, na nilikuwa na njaa. Nikaunywa wote. Nikampa kikombe kitupu nikamwambia, "Andika hapo kikombe kizima." Akaangua kilio, akakimbilia chooni, na hatukulitaja tena jambo hilo kwa miezi minne.

Kuanzia siku hiyo nilikula kwa hasira. Nikitapika, nakula tena. Nilikula mayai, nilikula maharage, nilikula wali wa ofisini ambao hata wazima huukimbia. Sikuenda tena kwenye mikutano. Walikuja wao, na matunda na sala, na mimi nilijipaka poda na rangi ya mdomo kabla hawajaingia, nikikaa wima kama bibi arusi. Kila mmoja akisema, "Unaonekana vizuri," nilimtazama machoni nione anavyolisema. Nikikumbuka sasa naona aibu kidogo, kwa sababu wengine walilisema kwa furaha kabisa na mimi nikawatafutia kosa.

Novemba ilikuja, na upepo wa baridi, watu wakaanza kuketi nje na mablanketi. Novemba ikaisha.

Baada ya dozi ya nane nilipigwa picha. Daktari alinikaribisha, akafungua kompyuta, kisha akavuta kiti akaja upande wangu. Nilinyakua mkoba wangu niondoke.

"Kaa," alisema. "Haionekani."

"Nini?"

"Kwenye ini, shingoni, popote. Sisemi umepona, tutaendelea kukuangalia. Nasema haionekani." Mwenyewe alikuwa akitabasamu kama msichana. "Sikuitarajia hata mimi."

Nilishtuka kuliko siku ile ya kwanza. Kufa nilikuwa nimeshakupanga. Nilikuwa nimegawa nguo, nimeuza bima ya mwanangu, nimeachana na rafiki. Nilishuka chini, askari yule Mganda akaniuliza kama kawaida, "Mama, leo uko sawa?" Nikamwambia hawauoni ugonjwa. Alirusha kofia yake juu, kofia ya kazi, mbele ya wagonjwa wote, mpaka bosi wake akamwita. Huyo ndiye mtu wa kwanza kufurahia uhai wangu, na mpaka leo simjui jina.

Nilimpigia simu mama, nikampigia Nafula, tukalia. Kisha nikakumbuka kuna watu kumi ninaopaswa kuwaambia.

Ijumaa ile nilienda kwenye mkutano kwa Mama Shiru. Wote walikuwepo, hata Nduku, aliyekuwa jikoni akisuuza vikombe. Nilivyosikia, tangu akatae kununua walikuwa wakimwachia kazi za jikoni bila mtu kumwambia sababu. Nilipita bila kumsalimu. Sikukaa. Nilisimama palepale niliposimama mara ya kwanza kuuza bima yangu.

"Nimepigwa picha," nikasema. "Daktari anasema ugonjwa hauonekani tena mwilini."

Wewe ni Mkenya, unajua habari kama hiyo inavyopokewa. Hata mtu hajamaliza sentensi, vigelegele vimeshapasua dari.

Palikuwa kimya.

Haikuwa dakika, sijui hata kama ilikuwa muda wa pumzi tatu. Lakini niliwaona. Mercy alitazama daftari la kumbukumbu lililokuwa mapajani mwake. Mwingine alishusha kikombe chake polepole, asikigonge. Chep alifunika mdomo kwa mkono. Mama Shiru alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa mbali, Joska, kwenye ploti. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wametoa miaka mitatu ya kufua na kupangusa, na mimi ndiye niliyewaambia watarudishiwa nikifa. Ile pesa ndiyo iliyonunua dawa, na dawa ndiyo iliyowanyima walichonunua. Nilijua hayo yote nikiwa nimesimama pale, na bado nilihisi nimezikwa.

Ndipo jikoni kikombe kikavunjika, na kigelegele kimoja kikatoka. Kirefu, cha Ukambani, kile cha kuitia majirani. Nduku alitokea mlangoni, mapovu mpaka kwenye viwiko, akaja akanirukia na sabuni yake yote. Alilia, alinipiga mgongo, akarudia kupiga vigelegele sikioni mwangu mpaka sikio likaziba. Baada yake wengine wakafuata, wote, na nakuhakikishia vyao pia vilikuwa vya kweli. Vilichelewa tu.

Mama Shiru alipokuja kunikumbatia alishindwa kuniachia. "Nisamehe, Nekesa. Nimefikiria ploti kwanza. Mungu ameniona, nimefikiria ploti kwanza." Nilimshika yule mama mzito, nikamwambia nimemsamehe. Siku hiyo nilikuwa nadanganya. Leo ni kweli.

Sasa ni mwaka umepita. Ploti ile ilichukuliwa na mtu mwingine. Bima bado ni ya chama, wanailipia kila mwezi, na sijaomba wanirudishie, maana kilichouzwa kimeuzwa. Nafula yuko mwaka wa kwanza chuoni, namlipia kwa mshahara kwa sababu nina mshahara. Chep bado ni mwenzangu chumbani na bado anapika uji. Kila baada ya miezi mitatu narudi kwenye viti vya bluu na soksi zangu. Na wewe, kama ni lazima uuze, muuzie mtu wa mbali ambaye hutawahi kuona uso wake siku utakapopona.

Ijumaa ile, wengine walipokuwa wakiimba, nilimfuata Nduku jikoni. Alikuwa ameinama akiokota vipande vya kikombe. Niliinama naye. Nikamwambia nilifuta namba yake. Akasema anajua, aliona picha yangu imepotea kwenye simu.

"Kwa nini ulikataa?" nikamuuliza. "Ungeniambia tu, nisingekuchukia miezi yote hii."

Alikitupa kipande cha mwisho kwenye pipa, akapangusa mikono kwa gauni.

"Mimi najijua, Nekesa," akasema. "Napenda pesa sana."